Kwa nini kondoo humkataa mwanawe

KONDOO aliyezaa alfajiri anapompiga kichwa mwanawe kila anapokisogelea kiwele, wapo wafugaji wanaoamini kuwa mnyama huyo ana roho mbaya, wakamwacha hadi kesho yake wakitumaini atabadilika. Kwa kawaida, kesho hiyo huwa imechelewa.

Mkoani Tanga, ambako kondoo wekundu wa Kimasai na wale wa vichwa vyeusi huchungwa katika nyika za Handeni na Kilindi, jambo hilo lina maelezo ya kitaalamu.

Kondoo humtambua mwanawe kwanza kwa harufu. Mara baada ya kuzaa humramba majimaji ya uzazi, na ndani ya saa chache harufu hiyo hukaa katika kumbukumbu yake. Tangu hapo humnusa mkiani kila anaponyonya, na mtoto wa mwingine hufukuzwa. Ndiyo maana mwanakondoo aliyeoshwa na watu, au aliyetenganishwa na mama yake mapema, huweza kuonekana mgeni. Hali hiyo huweza pia kumpata pacha aliyesahauliwa.

Sababu nyingine ni maumivu. Kiwele kilichovimba, chenye joto, au kinachotoa maziwa yenye mabonge au damu ni dalili ya ugonjwa wa kiwele, na mama hapo hukimbia maumivu, hamkimbii mtoto. Uzazi wa kwanza, uzazi mgumu na njaa wakati wa mimba navyo hupunguza mapenzi ya mama.

Si kila kioja ni hatari. Mwanakondoo anayekigonga kiwele kwa kichwa huku akitikisa mkia anachochea maziwa yashuke. Lakini anayenyemelea kondoo wa wenzake kwa nyuma, akinyonya katikati ya miguu, huenda ana njaa, na mama yake anapaswa kuchunguzwa. Aidha, kondoo anayekaribia kuzaa huweza kupora mtoto wa mwenzake, yafaa atengwe.

Hatari kubwa ni mtoto kukosa dang'a, maziwa ya kwanza yenye kinga dhidi ya maradhi. Anapaswa kuyapata ndani ya saa sita za mwanzo, kwani baada ya takriban saa 24 utumbo wake hauwezi tena kuipitisha kinga hiyo kwenye damu.

Mfugaji akague kiwele, akamue kidogo kuzibua chuchu, kisha awafungie mama na mtoto katika kizimba kidogo kwa siku mbili au tatu, akimshika mama mara kadhaa kwa siku ili mtoto anyonye. Ikishindikana, mtoto apewe dang'a ya kondoo mwingine, mbuzi au ng'ombe, kwa kiasi cha mililita 50 kwa kila kilo ya uzito wake katika mlo wa kwanza. Kiwele kikionyesha ugonjwa, afisa mifugo aitwe siku hiyo hiyo.