KEREZO LA MGUU, NA JINSI YA KULITENGENEZA KWA VYUMA VIKUUKUU

Mtu aliyepata kuona kitanda cha kale cha Lamu au cha Siyu ameyaona matendegu yake: ni ya mviringo, yana shingo nyembamba na mafundo manene, na kila fundo li sawa pande zote. Kazi ile haifanywi kwa shoka wala kwa kisu, ila kwa kerezo. Walimu wa kazi za mikono na mafundi wa bara aghalabu hudhani kuwa kerezo ni mashini ya watu wenye mali. Sivyo. Kerezo si chuma kingi. Ni ncha mbili zinazotazamana katika mstari mmoja, na kipande cha mti kinachozunguka baina yake. Vingine vyote ni vya kuzizuia ncha hizo zisihame.

Chombo chenyewe ni cha kale mno. Katika kaburi la Petosiris huko Misri, lililojengwa yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, imechongwa picha ya watu wawili wakikereza: mmoja avuta kamba, wa pili ashika patasi. Mafundi wa pwani walikereza kwa uta: kamba ya uta huzungushwa mtini, mkono mmoja ukavuta na kusukuma, wa pili ukashika patasi. Kerezo la uta ni jema, ila lina upungufu mmoja. Mti huja mbele kisha hurudi nyuma, na patasi hukata unapokuja tu. Basi nusu ya mwendo yapotea bure. Gurudumu zito likanyagwalo kwa mguu huuzungusha mti upande mmoja daima, na mikono yote miwili hubaki kwa patasi. Kerezo la namna hiyo ndilo tunalotaka kulieleza.

Anza na meza. Yatakiwa mihimili miwili ya mninga au mti mwingine mgumu uliokauka, urefu futi 5, kimo inchi 6, unene inchi 2. Ilazwe sambamba, na baina yake ubaki mwanya wa inchi 2. Kipimo cha miguu ya meza ni mwili wa fundi mwenyewe: asimame wima, akunje mkono, na ncha za kerezo ziwe sawa na kiwiko chake. Chini karibu na ardhi piga ubao wa kuwekea mawe au mfuko wa mchanga, maana meza nyepesi hucheza, na ikicheza kazi huharibika.

Kichwa cha kushoto hakihami. Ni nguzo mbili fupi zilizopigwa imara mezani, na ndani yake hupita ekseli ya chuma ya unene wa inchi 1. Ukipata gololi za gari bovu zinazoikaa ekseli hiyo, ni bahati. Usipopata, pasua kipande cha mpingo mara mbili, toboa tundu katikati ya maungio, ukishike chuma baina ya vipande viwili, na juu uache kitundu cha kutilia mafuta. Mwisho wa ekseli uliochongoka uwe na meno mawili kando ya ncha, ndiyo yaumayo mti na kuuzungusha. Nyuma ya ekseli weka bolti ya kuizuia isirudi nyuma, kwa sababu mti usukumwao kutoka kulia huisukuma na ekseli. Watu wengi husahau jambo hili, nao hushangaa kuona mti umelegea.

Kichwa cha kulia huteleza juu ya meza, na hufungwa kwa kabari ipitayo chini ya mwanya. Ncha yake ni bolti ndefu iliyochongwa kwa tupa, yenye nati ya pili ya kuikaza. Ncha hii haizunguki, basi itiwe mafuta ya ng'ombe au grisi. Bila hivyo mti utatoa moshi. Kabla ya kukaza kitu cho chote, sogeza kichwa hiki hata ncha mbili zikaribie kugusana. Zikitazamana sawasawa, vema. Zikipitana hata kwa unene wa ukucha, vunja utengeneze tena.

Sasa gurudumu. Mimi kwanza nilitumia gurudumu la baisikeli kwa kuwa lina mfuo tayari wa kukaa ukanda, na nilijiona mwerevu. Lilizunguka kwa kasi ya kupendeza, na mara patasi ilipogusa mti likasimama. Lilikuwa jepesi mno. Gurudumu ndilo ghala ya nguvu ya mguu: mguu husukuma wakati wa kushuka tu, na uzito wa gurudumu huendesha kazi mguu unapopanda. Basi lifanye kwa mbao nene, tabaka mbili zilizopigwa msalaba ili zisipindike, kipenyo inchi 24, na karibu na ukingo wake ufunge vyuma kwa bolti zipitazo upande wa pili, wala si kwa misumari, maana chuma kikichomoka huruka kama jiwe la teo. Kisha lizungushe polepole na kuliacha. Ukiona upande mmoja ndio urudio chini kila mara, upande huo ni mzito. Ongeza uzito upande wa pili.

Baisikeli yangu haikutupwa, kwa kuwa sehemu yake ifaayo ni ile ya pedeli. Kata kiunzi chake uache bomba za kufungia kwenye meza. Mkono wa pedeli ulio upande wa sahani ya meno ukatwe, na gurudumu lifungwe kwa bolti katika sahani hiyo. Mkono wa pili utoboe tundu inchi 3 kutoka kati ya ekseli, na hapo ufunge fito iendayo kwenye ubao wa kukanyaga. Ukiifunga mwisho wa mkono, mguu utapanda zaidi ya futi moja, na goti halitastahimili hata saa moja.

Katika ekseli ya juu tia kapi la mti la inchi 3, na ukanda wa ngozi ulipitie pamoja na gurudumu. Kwa kuwa 24 ni mara nane ya 3, mguu ukikanyaga mara 60 kwa dakika, mti utazunguka mara 480, nayo yatosha kwa mpini au tendegu. Upande wa juu wa mti sharti uje kwako.

Patasi zaweza kufuliwa kwa tupa kuukuu, lakini tupa ni chuma kikavu, na ikitumiwa vivi hivi hukatika kama kigae mbele ya uso wa fundi. Ipashwe moto hata iwe nyekundu, ipoe polepole majivuni, isuguliwe meno yote yatoke, ipewe umbo lake. Kisha ipashwe nyekundu tena na kuzamishwa katika mafuta. Halafu isafishwe na kupashwa kidogo hata ionyeshe rangi ya majani makavu, ndipo ipozwe.

Kipande cha kwanza kiwe kikavu, bila ufa wala kifundo, nacho kichongwe pembe nane kabla ya kutiwa kerezoni. Kiegemeo cha patasi kiwe karibu na mti, usawa wa ncha, na mti uzungushwe kwanza kwa mkono kuona kama haugusi. Patasi itangulie kukaa juu ya kiegemeo ndipo iguse mti. Atakayegeuza utaratibu huo atanyang'anywa patasi yake. Mwenye kanzu akunje mikono yake juu ya kiwiko na kuifunga, maana mti uzungukao hushika nguo, na nguo huvuta mkono. Akerezaye mvule afunge kitambaa puani, kwa kuwa vumbi lake huwadhuru watu wengine kifuani.

Kazi ya kwanza ya kerezo jipya iwe mipini ya patasi zake lenyewe. Na jioni vua ukanda uuweke ndani, kwani mvua huulegeza, na watoto wa shule wakiuona mahali pake hawataacha kukanyaga.