Mama ndiye mwanafunzi wa kwanza: Masomo ya nyimbo katika makimbilio ya familia

Kusoma: Kutoka 2:1-10, Zaburi 137:1-4, Luka 1:39-45



Ninyi mlioko Masisi na Walikale mnajua namna kanisa linavyogeuka kuwa nyumba ya kulala. Unafungua mlango asubuhi ili ufagie kwa ajili ya ibada, na unakuta familia kumi kati ya viti. Tangu vita vilipoanza tena mwishoni mwa mwaka 2021, tumeyaona hayo mara nyingi. Mwezi wa kwanza wa 2023 watu walikimbia Kitshanga. Mwezi wa pili wa 2024 ilikuwa zamu ya Sake. Mwezi wa kwanza wa 2025 vita vilifika Masisi-Centre, na mwezi wa tatu vikafika Walikale-Centre. Katikati ya hayo, mwezi wa pili, kambi zilizozunguka Goma kama Bulengo na Lushagala zilivunjwa, na watu wengi wakapanda tena barabara ya Sake na magodoro kichwani. Leo makimbilio yao ni darasa la shule, ni kanisa, au ni nyumba ya jirani aliyekubali kubanana.

Mahali hapo kanisa huleta vitu viwili: maharagi, tukiwa nayo, na nyimbo. Juu ya maharagi hatuhitaji fundisho kubwa. Juu ya nyimbo tunalihitaji, na mimi nilihitaji kuliko wengine. Katika chuo cha Biblia nilifundishwa kutengeneza mahubiri na kuongoza ibada. Hakuna aliyenifundisha kukaa chini na mama mwenye mtoto wa miaka miwili ambaye hajalala vizuri tangu siku walipokimbia.

KOSA LANGU

Mara ya kwanza nilikwenda kuimba na watoto katika kanisa moja upande wa Nyabiondo. Nilikuja na vijana wa korali, ngoma mbili na spika ndogo ya betri. Niliwaita watoto wote mbele kama tunavyofanya katika Ekodimu, na wamama nikawaambia wapumzike nyuma.

Ngoma ilipolia, watoto wakubwa walicheka na kupiga makofi. Wadogo walikimbia. Mvulana wa miaka kama mine aliingia chini ya kiti, akajikojolea, na hakutoka hata tulipomwonyesha biskuti. Mama yake aliinama, akamvuta polepole, akamfunga mgongoni kwa kikwembe ingawa alikuwa amepita umri wa kubebwa, akatoka nje.

Nilimfuata kuomba samahani. Akanijibu kwa heshima: “Pasta, nyimbo zenu ni nzuri. Lakini ngoma hii inafanana na kile tulichokikimbia. Na mtoto huyu, mimi ndiye ninajua kumtuliza, nanyi mmeniambia nikae nyuma.”

Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Vita vilikuwa vimemnyang’anya mama huyu shamba, mbuzi na nyumba. Kazi moja ilibaki mikononi mwake, kumtuliza mtoto wake, nami nilikuja na spika nikamnyang’anya hiyo pia.

KWA NINI SAUTI YA MAMA

Luka anatuonyesha kwamba mtoto husikia kabla ya kuzaliwa. Maria alipomsalimu Elizabeti, kitoto kiliruka ndani ya tumbo. Wataalamu nao wameliona jambo hili kwa njia yao. Mwaka 1980 watafiti katika Marekani walionyesha kwamba mtoto ambaye hajamaliza siku tatu tangu azaliwe anaitambua sauti ya mama yake na kuipenda kuliko ya mwanamke mwingine. Walimpa chuchu ya kunyonya iliyounganishwa na mashine, naye mtoto akabadili namna ya kunyonya ili aendelee kuisikia sauti ya mama.

Sasa fikiri vita vinafanya nini na sauti hiyo. Usiku wa kukimbia, porini, mama anamwambia mtoto: “Nyamaza, watatusikia.” Anamfunika mdomo kwa kiganja. Kesho vivyo hivyo, na juma linalofuata pia. Mtoto anajifunza kwamba sauti inaleta kifo. Mama naye anazoea kunong’ona. Wakifika salama, woga ule unabaki ndani yao. Tunaona watoto wasiolia hata wakiwa na njaa, nasi tunawasifu kwamba wana adabu. Wapendwa, ile si adabu.

Mama wa Musa aliyajua hayo. Alimficha mtoto miezi mitatu, na mtoto anayelia hafichiki. Lakini baadaye binti wa Farao alimrudishia yule mtoto amnyonyeshe, tena kwa mshahara. Alipewa miaka michache tu kabla ya kumpeleka katika nyumba ya mfalme, na katika miaka hiyo Musa aliyapata yaliyomfanya baadaye awajue Waebrania kuwa ndugu zake. Na Miriamu, dada yake, ndiye tunamkuta katika Kutoka 15 akiwaongoza wamama kwa wimbo na tari baada ya kuvuka bahari.

Kwa hiyo kusudi la somo la nyimbo katika makimbilio si kuwachangamsha watoto ili watuache tufanye kazi. Kusudi ni mama aimbe tena, ili mtoto asikie kwamba sasa sauti imeruhusiwa. Mama akiimba, mtoto atafuata kwa wakati wake.

NAMNA YA KUONGOZA SOMO

Ninawaandikia wamonita wa Ekodimu, viongozi wa wamama na wachungaji wenzangu yale tuliyojifunza polepole.

1. Uliza kwanza. Kaa na wamama, uwaulize saa inayowafaa. Wengi wanaenda asubuhi kulima mashamba ya watu ili wapate chakula, na jioni wanateka maji. Kwetu saa tisa ilifaa, na tulimaliza mapema ili mtu asitembee gizani.

2. Kundi liwe dogo. Wamama wasizidi kumi na wawili, na watoto wao walio chini ya miaka sita. Wote wakae juu ya mikeka, hata kiongozi. Mtoto akae mapajani pa mama, si mbele yako. Nusu saa inatosha.

3. Anza chini. Usianze kwa makofi wala kwa haleluya ya nguvu. Wamama wavute pumzi, kisha waitoe polepole huku wakivuma kwa midomo iliyofungwa. Mtoto aliyeegemea kifua cha mama anauhisi mvumo huo kabla ya kuusikia. Mama ampigepige mgongoni kwa mwendo wa mtu anayetembea bila haraka.

4. Taja majina. Wimbo wa pili uwe wa salamu, mfupi, ambao ndani yake kila mtoto anaitwa kwa jina lake. Katika makimbilio mtoto anahesabiwa kama kichwa kimoja kwenye orodha ya chakula. Katika wimbo anaitwa jina alilopewa na baba yake.

5. Tumia mwili. Nyimbo za kutwanga, za kuteka maji, za kupanda maharagi. Mama ashike mikono ya mtoto na kuisogeza pamoja na yake.

6. Chombo kije baadaye, na kianzie kwa mtoto. Tuliacha ngoma nyumbani, tukaleta bidoni tupu na chupa zenye vijiwe ndani. Mwonyeshe mtoto, mwambie kwamba italia, kisha mwache aipige yeye mwenyewe kwa mkono wake. Sauti anayoitoa yeye haimtishi kama ile inayomjia ghafla.

7. Maliza sikuzote kwa wimbo ule ule, wimbo wa kubembeleza. Mtoto ambaye siku zake hazina tena utaratibu anahitaji jambo moja ambalo anajua litakuja. Kisha mama mmoja aombe kwa kifupi.

Asiyeimba usimlazimishe. Tulikuwa na msichana aliyekaa juma tatu bila kufungua mdomo, lakini kidole chake cha mguu kilikuwa kinafuata mwendo wa wimbo. Huyo alikuwa darasani.

NYIMBO ZA LUGHA ZA WAMAMA

Nyimbo zetu za Kiswahili ni nzuri kwa ibada. Lakini wengi wetu tulibembelezwa kwa Kihunde, Kinyanga, Kitembo, Kinyarwanda, Kikano au Kikumu. Ndiyo maana tulimwomba kila mama alete wimbo aliobembelezwa nao, na wengine wote wajifunze.

Hapo nilikutana na jambo ambalo sikulitazamia. Mama mmoja alikuwa anavuma tu bila maneno, kila juma. Nikamwuliza pembeni, akasema: “Pasta, maneno yake ni ya lugha yetu. Wakiisikia hapa usiku, watauliza mimi ni wa upande gani.”

Mnaelewa alichosema. Katika milima yetu lugha imekuwa hukumu. Mtu anafungua mdomo tu, na tayari amehesabiwa kati ya waliotuchomea nyumba, hata kama nyumba yake nayo imechomwa. Sikuwa na jibu, na sikumlazimisha. Lakini mama mzee mmoja, Muhunde, alikuwa ameona. Juma lililofuata alitufundisha wimbo wake, kisha akamgeukia yule mwenzake: “Na ule wako unaouvuma, mama, tufundishe hata sauti yake tu.” Tukauvuma wote bila maneno. Tulifanya hivyo juma tatu. Juma la nne mwenyewe aliweka maneno.

Sitawaficha: wamama wawili walisimama siku hiyo wakatoka, na hawakurudi katika somo. Niliwatembelea, nikawasikiliza, nao wana vifo vyao wanavyovililia. Sikuwahukumu. Lakini waliobaki waliuimba wimbo ule pamoja na watoto wao. Nimehubiri mara nyingi juu ya upatanisho, na siku ile nilijiona kuwa mwanafunzi wa yule mama mzee.

MAMBO YA KUEPUKA

Zaburi 137 inasimulia watu waliochukuliwa mbali na kwao, na waliowachukua wakawaomba wawaimbie nyimbo za Sayuni. Walitundika vinubi vyao na kukataa, wala Mungu hakuwakemea. Kwa hiyo tusiwasimamishe watoto waliokimbia waimbe mbele ya wageni waliokuja na magari na kamera. Tusifanye wimbo kuwa malipo ya maharagi. Anayetaka kula ale, hata kama haimbi. Mkatoliki, Muadventisti na Mwislamu wakae mkekani kama wengine. Somo hili si wavu wa kuvua washirika wa makanisa mengine.

Usimwombe mtoto asimulie aliyoyaona. Akisimulia mwenyewe, sikiliza, usimkatize, na usiongeze maswali mbele ya watu. Wakati wote wawepo viongozi wawili, na mtu asibaki peke yake na mtoto wa mwenzake.

Na hili ni zito zaidi. Mama akianza kuimba, pengine ataanza pia kulia, na siku moja atamwambia kiongozi wa wamama kwamba alitendewa ubaya na watu wenye silaha. Usimjibu kwa maombi peke yake. Ikiwa jambo ni la karibuni, afike kituo cha afya kabla masaa 72 hayajapita, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi hupewa ndani ya muda huo. Ikiwa muda umepita, aende hata hivyo, maana kuna msaada mwingine. Msindikize, na siri yake ibaki siri. Kuomba tutaomba njiani.

Tusione haya kuunganisha wimbo na dawa. Katika hospitali ya Panzi kule Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 chini ya jumuiya ya Kipentekoste ya CEPAC, wanafanya hivyo. Daktari Denis Mukwege, mwana wa mchungaji, aliyepewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018, ameuweka muziki kati ya njia za kuwasaidia wamama waliojeruhiwa. Wanakaa na mtaalamu wa mambo ya moyo na fundi wa muziki, wanatunga nyimbo zao wenyewe na kuzirekodi. Sisi hatuna studio. Lakini mkeka, bidoni na mama tunavyo.

MWISHO

Yule mama wa kwanza alirudi baada ya juma mbili, aliposikia kwamba ngoma imebaki nyumbani. Alikaa karibu na mlango, tayari kutoka. Tulimwomba atufundishe anavyomtuliza mtoto wake, akatuonyesha: sauti mbili tu, moja ya juu na moja ya chini, na mkono juu ya sikio la mtoto. Ndiyo tunayoanzia somo mpaka leo.

Familia ile imekwisha kurudi mlimani kwao. Sijui kama kesho haitakimbia tena, na kanisa haliwezi kuwaahidia watu amani ambayo halina mkononi. Ila kabla hawajaondoka, mvulana yule alikuja akasimama mbele yangu akauliza: “Pasta, bidoni iko wapi?” Nilimpa, akaipiga kwa nguvu zake zote, na mama yake hakumwambia anyamaze.

Maombi: Bwana, uwarudishie wamama wetu sauti zao. Utufundishe kusikiliza kabla ya kuimba. Ulinde watoto waliolala leo chini ya mabati yasiyo yao. Amina.

Maswali kwa vikundi vya nyumbani:
1. Katika kanisa lenu, wamama waliokimbia wanakaa mbele au nyuma?
2. Ni wimbo gani ulibembelezwa nao? Je, watoto wako wanaujua?
3. Ni lugha gani ambayo ukiisikia moyo wako unafunga mlango? Uombe juu ya hilo.