Chuo Kikuu Kipi ni cha Kwanza?

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, huja msimu wa maswali hapa Nyasubi. Mtoto amefaulu, Mungu ashukuriwe. Sasa apelekwe wapi? Zamani mtu alikwenda kumwuliza mwalimu mkuu au padre. Siku hizi kijana hufungua simu yake akamwonyesha babaye orodha ndefu ya vyuo vikuu: hiki ni cha kwanza, hiki cha tano, hiki cha kumi na nane. Naye baba, ambaye amekwisha kuhesabu moyoni ni ng'ombe wangapi watauzwa na magunia mangapi ya mpunga yatakwenda sokoni, huitazama orodha ile kama atazamavyo msimamo wa ligi ya mpira. Kilicho juu ndicho bora, na kilicho chini kinangoja kushuka daraja.

Basi yafaa tuiangalie orodha hiyo kwa karibu, tujue yatoka wapi na yapima kitu gani, maana fedha itokayo hapa si kidogo, na mtoto huenda mara moja.

Kwanza tuutazame mpira wenyewe. Timu ya Geita Gold, jirani zetu, ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2021 tulifurahi sote. Msimu wake huo, wa 2021/22, ilimaliza ikiwa ya nne. Mwaka 2024 ikashuka. Tuliumia, lakini hakuna aliyehitaji kuuliza pointi zake zilihesabiwaje. Mechi zilichezwa mchana kweupe, na mtoto mdogo ajua kwamba kushinda ni pointi tatu, sare ni moja, kufungwa ni bure. Msimamo wa ligi ni jumla ya mambo yaliyoonekana uwanjani.

Je, vyuo vikuu navyo hucheza mechi? Mechi za mpira, ndiyo. Vyuo vya Afrika Mashariki hukutana katika michezo, na vijana wetu hukimbia na kucheza mpira na netiboli huko. Lakini mechi ya elimu haichezwi popote. Hakuna siku ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Makerere huingia uwanjani, wakatoka mmoja amefunga mabao mawili ya fizikia. Kwa hiyo anayeandika msimamo wa elimu hana budi kutafuta kitu kingine cha kuhesabu, na hapo ndipo mambo huanza kuwa magumu.

Wenzetu Wamarekani wana mfano unaofaa kwa jambo hili. Wengi mmesikia vijana wakitaja "Ivy League" kana kwamba ni cheo cha elimu. Kumbe ni ligi ya michezo tu! Vyuo vikuu vinane vya upande wa mashariki wa nchi ile, yaani Harvard, Yale, Princeton, Columbia, Cornell, Brown, Dartmouth na Pennsylvania, vilipatana mwaka 1954 kucheza pamoja kwa masharti yale yale. Sharti moja lilikuwa kwamba hakuna mwanafunzi atakayelipiwa masomo kwa sababu tu anajua kucheza mpira. Ivy ni mmea utambaao ukutani, na kuta za majengo yao ya kale zimefunikwa nao. Harvard ilianzishwa mwaka 1636. Vyuo hivi vilikuwa vikongwe na vyenye mali tangu kabla ya ligi hiyo, na jina la ligi likawashikamana kama mmea wenyewe, hata leo watu wamesahau mpira, wakabaki na sifa.

Sasa wapange hao wanane kwa elimu, uone maajabu. Gazeti moja la kwao, U.S. News, lilianza kupanga vyuo mwaka 1983. Katika orodha hiyo Princeton imekuwa ya kwanza mara nyingi, na Dartmouth huwa karibu na ishirini za mwanzo katika nchi nzima. Halafu iko orodha nyingine, iliyoanzishwa Shanghai, Uchina, mwaka 2003, ambayo hupanga vyuo vya dunia nzima. Humo Harvard imekuwa ya kwanza kila mwaka, na Dartmouth katika miaka ya karibuni hutaiona mpaka upite mia mbili za kwanza. Chuo ni kile kile, walimu wale wale, mwaka ule ule. Nani asema kweli?

Wote wawili husema kweli juu ya kile walichohesabu. Watu wa Shanghai hawaulizi kama mwalimu huingia darasani. Huhesabu Tuzo za Nobel za waliosoma chuoni na za walimu wake, makala za utafiti zilizotoka katika majarida mawili makubwa ya sayansi, na watafiti ambao kazi zao hutajwa sana na wenzao. Sehemu kubwa ya hesabu ni ukubwa. Chuo chenye watafiti maelfu hupata makala nyingi, kama shamba la ekari mia linavyotoa magunia mengi hata likilimwa ovyo. Dartmouth ni chuo kidogo, na sifa yake ni kuwafundisha vijana wa shahada ya kwanza kwa karibu. Kwa mtoto wa miaka kumi na tisa atokaye kijijini, hilo la pili huenda likawa ndilo la maana kuliko Nobel zote, lakini mizani ya Shanghai hailipimi.

Tena Princeton hiyo ya kwanza haina kitivo cha udaktari wala cha sheria. Fikiri mzazi anayetaka mwanawe awe daktari, akaambiwa ampeleke katika chuo cha kwanza cha Marekani. Angefika akute hakuna shule ya kumfundisha.

Kuna jambo baya zaidi. Hesabu nyingi za orodha ya U.S. News zilitoka kwa vyuo vyenyewe. Ni sawasawa na kila timu kujiandikia mabao yake nyumbani, kisha ikayatuma kwa barua. Mwaka 2021 Columbia iliwekwa nafasi ya pili. Mwezi wa Februari 2022 mwalimu wake mmoja wa hesabu, Michael Thaddeus, akakaa chini akakagua takwimu ambazo chuo chake mwenyewe kilikuwa kimepeleka. Chuo kilisema madarasa yenye wanafunzi chini ya ishirini ni asilimia 82.5. Yeye alipohesabu kutoka katika orodha ya masomo ya chuo, akaona hayafiki hata asilimia 67. Mwezi wa Julai gazeti likaiondoa Columbia katika nafasi yake. Septemba chuo kikakiri kwamba baadhi ya takwimu hazikuwa sahihi, kikatoa hesabu mpya ya madarasa yale: asilimia 57.1. Orodha iliyofuata ikakiweka nafasi ya 18. Mwaka 2023 chuo kikatangaza kwamba hakitapeleka tena takwimu zake kwa ajili ya orodha ile.

Angalieni vizuri hapo. Kutoka ya pili hadi ya kumi na nane! Mpirani tungesema timu imevunjika, wachezaji wamekimbia. Lakini pale Columbia walimu walikuwa wale wale, na maktaba ile ile. Karatasi ndiyo iliyobadilika. Mimi namsifu sana mwalimu yule, kwa maana si rahisi mtu kukagua daftari la nyumba inayomlisha.

Turudi kwetu. Afrika Mashariki nayo ina ndugu watatu ambao watu hupenda kuwashindanisha. Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14 wa useremala, ujenzi na umakanika. Nairobi ilianza kupokea wanafunzi mwaka 1956 kama chuo cha ufundi. Dar es Salaam ilianza Oktoba 1961 na kitivo kimoja tu, cha sheria, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Kisha tangu 1963 hadi 1970 hawa watatu walikuwa chuo kikuu kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na Mwalimu Nyerere, ambaye mwenyewe alisomea ualimu Makerere, ndiye aliyekuwa mkuu wake wa kwanza.

Nami naona wazee wale walikuwa na akili ambayo sisi tumeipoteza. Hawakuuliza nani wa kwanza. Waligawana kazi. Udaktari ulisomwa Makerere, uhandisi na utabibu wa mifugo Nairobi, sheria Dar es Salaam. Mkenya aliyetaka kuwa mwanasheria alishuka pwani kwetu. Ndivyo alivyofanya Willy Mutunga, aliyehitimu sheria Dar es Salaam mwaka 1971, na miaka arobaini baadaye, mwaka 2011, akawa Jaji Mkuu wa Kenya. Swali la wakati ule lilikuwa moja: mtoto huyu anataka kusoma nini? Jibu likipatikana, chuo kilijulikana chenyewe.

Leo ukifungua orodha za dunia, mara nyingi utaiona Makerere mbele ya ndugu zake. Sababu moja ni umri, na nyingine ni utafiti wake mwingi wa magonjwa, unaofanywa pamoja na vyuo vya nje. Si sifa ya kubeza. Lakini haikuambii kama kozi ya uhasibu ya Makerere ni bora kuliko ya Mzumbe. Iko pia orodha ya Webometrics iliyoanzishwa Hispania mwaka 2004, ambayo magazeti yetu huipenda sana. Hiyo hutazama hasa jinsi chuo kinavyoonekana katika intaneti: kurasa zake zinatajwa na wangapi, na maandiko yake yanatajwa na wangapi. Chuo chenye tovuti iliyolala kitaonekana chini hata kama walimu wake hawalali.

Chukueni mfano wa karibu. Pale juu ya kilima cha Bugando, Mwanza, hospitali ilifunguliwa mwaka 1971, na tangu 2003 kuna chuo kikuu cha afya kinachofundisha madaktari. Ni chuo kidogo, hakina vitivo vya uhandisi wala vya fasihi vya kukiongezea makala. Katika orodha za dunia usitegemee kukiona juu. Lakini mwanafunzi wa udaktari hujifunza kwa wagonjwa, na wagonjwa wa Kanda ya Ziwa nzima, kutoka Kahama, Geita, Mara na Kagera, hupelekwa pale. Hakuna orodha ihesabuyo vitanda hivyo. Mtasema namtetea kwa kuwa ni chuo cha Kanisa. Haya, semeni, lakini fikirini pia habari ya vitanda.

Hata serikali yetu imeuona udhaifu wa kupanga namba. Kwa miaka mingi Baraza la Mitihani lilitangaza shule kumi bora, na shule za kulipia zilibandika tangazo hilo kila ukuta. Mwezi wa Januari 2023, lilipotoa matokeo ya kidato cha nne, Baraza likasema halitatangaza tena shule bora wala mwanafunzi bora, kwa sababu shule hizo hazifanani kwa mazingira. Shule inayochagua watoto kwa mtihani, ikawaweka bweni, haiwezi kupimwa na shule ya kata ambayo mtoto huiendea kwa miguu kilomita saba bila uji. Wako waliolalamika kwamba ushindani umeuawa. Mimi nilisomea ualimu, nasema lilichelewa.

Mtu ataniuliza: basi tutajuaje? Yako mambo yanayojulikana bila orodha yoyote ya Shanghai. La kwanza ni kibali. Mwaka 2017 Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, ilizuia vyuo 19 kupokea wanafunzi wapya. Mzazi aliyeuliza mapema aliokoa ng'ombe zake. La pili ni kozi yenyewe, kwa kuwa chuo chaweza kuwa na kibali, na kozi fulani isiwe nacho. La tatu ni mahali pa mazoezi: daktari afundishwa hospitali gani, mwalimu afundisha shule zipi, mhandisi huenda kiwanda gani? La nne ni gharama zote, si ada peke yake: chumba, chakula, nauli ya kutoka Kahama, na miaka mingapi. Udaktari ni miaka mitano, tena mwaka mmoja wa mazoezi kazini kabla ya kusajiliwa. La tano ni mkopo wa Bodi, ambao huombwa kwa wakati wake, na wengi hapa huukosa kwa sababu cheti cha kuzaliwa hakikuhakikiwa au fomu haikusainiwa na mdhamini.

Kila mwaka TCU hutoa kitabu cha mwongozo kwa waliomaliza kidato cha sita, na hupatikana bure katika tovuti yake, kwa simu ile ile iliyoleta orodha. Kimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mwambieni kijana awasomee. Tafuteni kozi anayoitaka, kisha mtazame kila chuo kinachoifundisha: masomo gani yatakiwa, pointi ngapi, nafasi ngapi zipo, na miaka mingapi. Mahali pa nafasi ya kwanza, ya pili au ya kumi na nane hamtapaona, kwa sababu kitabu hicho hakipangi vyuo kwa namba. Muda wa kuomba hufunguliwa baada ya matokeo na hufungwa kwa tarehe, basi msingoje mpaka mpunga wote uuzwe ndipo mkae kitako kukisoma.