Dominika ni ya Mapumziko: Na Aliyeko Jikoni Je?

Wapendwa wasomaji wa ukurasa wetu wa afya, mwezi huu tunazungumzia dawa isiyouzwa dukani wala kuhitaji cheti cha daktari. Nayo ni mapumziko ya Dominika.

Ukifika Raskazone, hapa Tanga, Dominika alasiri, utakuta familia nyingi zimeteremka baharini. Watoto wanaogelea, wazee wanapunga upepo. Ni jambo jema. Lakini tukiangalia vizuri tutamwona mama pembeni na masufuria yake. Aliamka saa kumi alfajiri, akakuna nazi, akapika, akaogesha watoto, akawahi Misa ya kwanza, na sasa anapakua. Akirudi nyumbani, vyombo vinamngoja na sare za shule hazijapigwa pasi. Na ndani ya nyumba nyingi za mji wetu yupo msichana wa kazi anayefua, na getini yupo mlinzi ambaye kwake Dominika na Jumatatu ni mamoja. Basi tujiulize: Dominika hii ni ya nani?

Amri inasemaje?

Tukisoma kitabu cha Kutoka, sura ya 20, tunaona kwamba amri ya kupumzika haiishii kwa mwenye nyumba. Inawataja mwana na binti, mtumishi wa kiume na wa kike, mgeni, hata mnyama wa kazi. Kumbukumbu la Torati, sura ya 5, inatoa na sababu: Waisraeli walikuwa watumwa Misri. Aliyeonja utumwa asimnyime mwenzake pumziko. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1247, inatutaka siku hiyo tushiriki Misa na tuepuke kazi zinazozuia ibada, furaha ya siku ya Bwana na pumziko la roho na mwili. Papa Yohane Paulo II naye aliandika barua nzima juu ya Dominika, tarehe 31 Mei 1998.

Mwili unasemaje?

Mtu akiwa kazini au mwenye wasiwasi, moyo hupiga haraka na mishipa ya damu hukaza. Akilala vizuri, shinikizo la damu hushuka, na moyo hupata nafuu. Asiyepumzika huunyima moyo wake nafuu hiyo.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa utafiti wao. Ulionyesha kuwa wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki wako katika hatari ya kupata kiharusi kwa asilimia 35 zaidi ya wanaofanya kazi saa 35 hadi 40. Hatari yao ya kufa kwa ugonjwa wa moyo unaotokana na mishipa kuziba ni asilimia 17 zaidi.

Utafiti ule ulihesabu kazi za ajira. Sisi tumhesabie mama. Anaamka saa 11 alfajiri na kulala saa 3 usiku, yaani saa 16. Hata tukitoa saa 4 za kula, kusali na kukaa, zinabaki 12. Zidisha kwa siku 7, unapata saa 84. Hakuna anayemlipa, lakini uchovu wake ni uchovu.

Ubaya wa shinikizo la damu ni kwamba mara nyingi halina dalili. Likipimwa siku tofauti na kuonekana 140 kwa 90 au zaidi, mgonjwa anahitaji kufuatiliwa na daktari. Aliyeandikiwa dawa asiziache kwa kujiona mzima. Mapumziko huisaidia dawa, hayachukui nafasi yake. Ukiona mtu uso umepinda upande mmoja, mkono umelegea au maneno hayatoki sawasawa, mpeleke hospitali mara moja, usingoje kesho.

Tufanye nini?

1. Jumamosi iitayarishe Dominika. Nguo zipigwe pasi, maharage yachambuliwe. Chakula cha Dominika kiwe chepesi kupika. Sikukuu si lazima iwe masufuria matano.

2. Baba na watoto wa kiume waoshe vyombo. Hakuna mwanamume aliyeugua kwa kushika dodoki.

3. Msichana wa kazi na mlinzi wapumzike. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi angalau saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki. Kama ni Mkristo, awahi Misa. Kama ni Mwislamu, mkubaliane siku inayomfaa.

4. Wanaolazimika kufanya kazi Dominika, kama wauguzi wa Bombo, madereva na mama lishe, wasihukumiwe. Kanisa linatambua mahitaji ya familia na huduma za lazima. Lakini wajichagulie siku nyingine na kuishika kweli. Tujifunze kwa wavuvi wa pwani yetu: wengi wao hawaendi baharini Ijumaa. Wanasali, wanashona nyavu, na samaki wanawakuta Jumamosi.

5. Tulale. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 kila usiku, na mtoto wa shule ya msingi saa 9 hadi 12. Usingizi wa Dominika peke yake hauwezi kulipa deni la wiki nzima.

6. Jumuiya Ndogo Ndogo ziwakumbuke wasio na pumziko kabisa: anayemuuguza mzazi aliyepooza, bibi anayelea wajukuu peke yake. Wawili wa jumuiya wakienda kushika zamu kwa saa tatu, mwenzao akaoga, akasali na kulala, hiyo nayo ni kuitakasa Dominika. Imani tuliyoiungama kanisani asubuhi ionekane mchana nyumbani kwa jirani.

Wapendwa, Dominika ijayo mkiteremka Raskazone, mtandikieni mama mkeka kivulini. Akipitiwa na usingizi, msimwamshe kumuuliza chumvi iko wapi. Tafuteni wenyewe.