Fasihi Simulizi Katika Rafu za Maktaba: Nani Alimpeleka Liyongo 398.2?

Mwanafunzi wa kidato cha tatu akitumwa maktabani kutafuta habari za Fumo Liyongo, huenda akarudi na nusu ya jibu. Utenzi wa Fumo Liyongo ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913 mahali pake ni kwenye rafu za fasihi, nambari 896.392. Lakini mighani hiyo hiyo ikiwa imesimuliwa kwa nathari na kutiwa katika mkusanyo wa ngano, haitakuwa hapo. Itakuwa 398.2, mbali kabisa, jirani na vitabu vya desturi za mazishi na adabu za mezani. Shujaa ni yule yule na kisa ni kile kile, ila kimoja kimehesabiwa kuwa fasihi na kingine kimehesabiwa kuwa mila.

Makala haya yanaeleza jinsi mgawanyo huo ulivyotokea, na kwa nini unamhusu mwalimu wa fasihi kuliko anavyodhani. Katika karatasi ya 102/3 ya KCSE, fasihi simulizi hukaa pamoja na ushairi, riwaya, tamthilia na hadithi fupi. Darasani tunasisitiza kwamba fasihi ni moja, yenye tanzu zilizoandikwa na tanzu zinazosemwa. Kisha tunampeleka mwanafunzi kwenye jengo ambalo, bila kusema neno, linamfundisha kinyume.

Mfumo unaotumiwa na maktaba zetu nyingi, zikiwemo zile za Huduma ya Maktaba za Kitaifa iliyoundwa kwa sheria mwaka 1965, ni ule wa Melvil Dewey. Mmarekani huyo aliutoa mwaka 1876 akipanga vitabu vya chuo cha Amherst. Aliigawa elimu yote katika makundi kumi, na fasihi ikapewa 800. Tazama jinsi nyumba hiyo ilivyogawiwa: fasihi ya Marekani 810, ya Kiingereza 820, Kijerumani 830, Kifaransa 840, Kiitaliano 850, Kihispania 860, Kilatini 870, Kiyunani 880. Ulimwengu uliosalia ulisukumwa katika chumba cha mwisho, 890, Warusi pamoja na Waarabu na Wachina. Humo lugha nyingi za Afrika zimewekwa 896. Ndiyo maana riwaya ya Kiingereza hutosheka na 823 huku riwaya ya Kiswahili ikihitaji nukta na msururu wa tarakimu kabla haijajulikana ni ya lugha gani. Sidhani Dewey alikusudia kututusi. Alipanga vitabu vilivyokuwa mbele yake, na vyetu havikuwapo. Hata hivyo, rafu aliyoipanga kwa ajili ya chuo kimoja imekuwa sheria Nairobi, Mombasa na Kisumu.

Suala la nambari ndefu ni dogo. Kubwa zaidi ni 398.2. Nambari hii ni ya simulizi za kijadi, nayo imo ndani ya kundi la 300, yaani sayansi za jamii, si ndani ya 800. Mhakiki asikimbilie kusema kwamba Waafrika pekee ndio walioonewa hapa. Hadithi zilizokusanywa na ndugu Grimm wa Ujerumani nazo kwa kawaida huwekwa 398.2, ilhali hadithi za Hans Christian Andersen wa Denmark, zinazofanana nazo kwa mengi, huwekwa katika fasihi ya Kidenmarki. Tofauti ni moja: Andersen ni mtunzi anayejulikana kwa jina. Homer naye, ambaye tungo zake zina mizizi ya usimulizi, yuko 883 kwa kuwa mapokeo yamempa jina. Kanuni basi ni hii: kazi yenye mtunzi ni fasihi, isiyo na mtunzi ni desturi ya watu.

Hapo ndipo maadili yanapoingia. Je, ngano zetu hazina jina la mtu kwa sababu hakuna mtu aliyezitamba, au kwa sababu aliyeziandika hakuona haja ya kumtaja? Edward Steere alichapisha mkusanyo wake wa hadithi za Kiswahili London mwaka 1870. Kwenye ukurasa wa anwani, jina lake limo. Waliomsimulia wanaitwa wenyeji wa Unguja. Mkutubi huandaa kadi yake kutokana na ukurasa huo. Anachokiona ndicho anachokiandika, na fanani anageuka kuwa kabila au kisiwa. Sisi tunafundisha kwamba fanani mmoja hutofautiana na mwingine kwa ufaraguzi, kwa sauti, kwa jinsi anavyoishirikisha hadhira. Kadi ya maktaba haina nafasi ya mambo hayo ikiwa hata jina halimo.

Na jina likiwemo, lipangwe vipi? Mazoea ya Kizungu ni kutanguliza jina la mwisho. Kwa mazoea hayo Ngũgĩ wa Thiong'o (1938–2025) huonekana katika marejeleo mengine chini ya T, au hata chini ya W, kana kwamba "wa" ni ukoo. Thiong'o ni jina la baba yake. Muyaka bin Haji hawezi kutafutwa chini ya B, na ukimtafuta chini ya H umemtafuta mzazi wake. Ushauri ni kufuata jinsi wasomaji wa mwandishi wanavyomwita, kisha kuelekeza kwa "tazama" kutoka kwenye maumbo mengine.

Maneno yanayotumiwa kutaja mada nayo hayana budi kuchunguzwa. Mkutubi Mmarekani Sanford Berman, akifanya kazi katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Zambia, alielezwa na wenzake Waafrika kwamba mojawapo ya vichwa vya mada vya Maktaba ya Bunge la Marekani lilikuwa tusi kwao. Neno lenyewe lilitokana na "kafiri". Kwa Mswahili hilo ni neno la dini. Kusini mwa Afrika lilikuwa limegeuzwa kuwa rungu la kumpigia mtu mweusi. Mwaka 1971 Berman alichapisha kitabu kizima cha kukosoa vichwa vya namna hiyo.

Shuleni hatuwezi kubadili mfumo wa dunia, wala hatuhitaji. Maktaba ya shule inaruhusiwa kuweka kadi ya "tazama pia" kwenye 896.392 inayoelekeza 398.2, au kuhamishia mikusanyo ya ngano kwenye rafu ya fasihi mradi ifanye hivyo kwa vitabu vyote. La muhimu zaidi ni kazi za nyanjani za wanafunzi wetu. Daftari linalorudi limeandikwa "ngano ya Wataita" tu linatenda alichotenda Steere. Liandikwe jina la fanani, mahali, tarehe, lugha aliyotumia na waliokuwepo, baada ya kumwomba idhini. Wapo watakaokataa kutajwa, na hilo liheshimiwe. Aidha, si kila utungo ni wa kila sikio. Nyimbo za jando zina hadhira yake, na fanani akisema wimbo fulani hauimbwi mbele ya wasiotahiriwa, daftari hilo lisiwekwe kwenye rafu ya wazi. Mwalimu aandike kwenye jalada nani anaruhusiwa kulisoma, na ni nani aliyesema hivyo.