Kungoja bila Taarifa: Programu za Majaribio, Ucheleweshaji na Ukimya wa Wasanidi kwa Mtazamo wa Njia ya Misafara ya Tabora

Ikisiri

Makala haya yanaeleza chanzo cha manung'uniko ya watumiaji wa programu za kompyuta na simu zinazotolewa zikiwa bado katika majaribio. Hoja kuu ni kwamba kuchelewa kwa kazi na ukimya wa wasanidi ni mambo mawili tofauti, na kwamba la pili ndilo linalovunja imani ya mtumiaji mapema zaidi. Hoja hiyo inafafanuliwa kwa historia ya njia ya misafara iliyopita Tabora, kwa majaribio ya M-Pesa yaliyoanza nchini Kenya mwaka 2005, na kwa programu ya Jambo OpenOffice iliyotoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004.

1.0 Utangulizi

Ipuli ni kata ya Manispaa ya Tabora. Mkazi wake anayetumia simu kupokea fedha, kutunza hesabu za duka au kujisomea jioni hutegemea programu zilizoandikwa na watu asiowajua, katika miji ambayo huenda asiione maishani. Baadhi ya programu hizo humfikia kabla hazijakamilika.

Mfano wa kubuni utasaidia kuliweka tatizo bayana. Mwenye duka amepakua toleo la majaribio la daftari la mauzo. Wiki ya kwanza programu inafanya kazi vizuri. Wiki ya tatu jumla ya madeni hailingani na orodha ya wadaiwa. Anaandika ujumbe kwa anwani iliyowekwa ndani ya programu, naye anajibiwa na mashine kwamba ujumbe umepokelewa. Baada ya miezi miwili toleo jipya linatoka na kula bando lake. Rangi za vitufe zimebadilika, lakini jumla bado hailingani. Katika muda wote huo amekuwa na uamuzi wa kufanya kila jioni anapofunga duka: ayaandike madeni ndani ya simu, ndani ya daftari la karatasi, au kote kuwili. Akikosea kuchagua, hasara ni yake, na ugomvi na mteja aliyekwisha kulipa ni wake pia.

Mara nyingi malalamiko ya mtu kama huyu huelezwa kuwa ni kukosa subira. Maelezo hayo hayatoshi, kwa kuwa hayatofautishi kungoja kitu kinachojulikana na kungoja kisichojulikana.

2.0 Maana ya Toleo la Majaribio

Kwa desturi ya usanidi, programu hupita hatua mbili kabla ya kukamilika. Katika hatua ya kwanza, iitwayo alfa, hujaribiwa na walioiandika wenyewe. Katika hatua ya pili, iitwayo beta, hutolewa kwa watu wa nje. Sababu yake ni ya kiutendaji: hakuna chumba cha kazi kinachoweza kukusanya hali zote ambamo programu itatumika. Simu ya zamani yenye nafasi ndogo, mtandao unaokatika katikati ya kutuma, betri inayozimika wakati taarifa zinahifadhiwa, mtumiaji mwenye laini mbili: mambo haya huonekana pale yanapotokea.

Kwa hiyo toleo la majaribio ni makubaliano. Mtumiaji hupata programu mapema, mara nyingi bila malipo, na msanidi hupata taarifa ambazo asingezipata kwa njia nyingine. Hata hivyo, makubaliano hayo hayana mizani sawa. Masharti ya matumizi, ambayo aghalabu huandikwa kwa Kiingereza, husema kwamba programu inatolewa kama ilivyo na kwamba mtengenezaji hawajibiki kwa hasara. Mtumiaji, kwa upande wake, hutoa muda, bando na kumbukumbu zake. Kumbukumbu hizo zinapohusu watu, kama orodha ya wadaiwa, suala hugusa pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022. Neno "majaribio" haliondoi wajibu wa kumweleza mtu taarifa zake zinakusanywa kwa ajili gani.

Aidha, neno lenyewe limepoteza sehemu ya maana yake. Huduma ya Gmail ilitolewa Aprili 2004 ikiwa na alama ya beta, na alama hiyo ikaondolewa Julai 2009, baada ya miaka mitano na zaidi, wakati mamilioni ya watu walikuwa wakiitegemea kwa barua zao za kila siku. Neno lililokusudiwa kumtahadharisha mtumiaji likawa kinga ya mtengenezaji isiyo na kikomo cha muda.

3.0 Kwa Nini Kazi Huchelewa

Ni haki kueleza kwanza upande wa wasanidi. Kosa linaloonekana dogo kwa mtumiaji linaweza kuwa na mzizi mrefu. Jumla isiyolingana inaweza kutokana na namna taarifa zinavyohifadhiwa, na kubadili namna hiyo hulazimu kuhamisha kumbukumbu za kila mtumiaji bila kuzipoteza. Kila rekebisho, zaidi ya hayo, linaweza kuzaa kosa jipya mahali palipokuwa pazima, ndiyo maana programu nzima hupaswa kujaribiwa upya hata palipoguswa sehemu moja.

Njia inayodhaniwa kuwa ya mkato, yaani kuongeza watu, nayo ina mipaka. Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo endeshi wa OS/360 katika kampuni ya IBM, alieleza katika kitabu chake The Mythical Man-Month cha mwaka 1975 kwamba kuongeza watu katika mradi wa programu uliokwisha kuchelewa huuchelewesha zaidi. Wageni hufundishwa na wenyeji walewale waliokuwa wakifanya kazi, na kadiri watu wanavyozidi ndivyo mazungumzo ya kulinganisha kazi zao yanavyozidi.

Katika mazingira ya Afrika Mashariki huongezeka sababu nyingine: programu nyingi za kijamii hutegemea ufadhili wa muda maalumu. Fedha zinapokwisha, wasanidi hutawanyika kutafuta riziki kwingine, ilhali programu hubaki ndani ya simu za watu bila mlezi. Ucheleweshaji, basi, si lazima uwe uzembe. Lakini mtumiaji hana namna ya kuutofautisha na uzembe iwapo haambiwi lolote.

4.0 Funzo la Njia ya Misafara

Tabora inaijua vizuri tofauti hii. Katika karne ya 19, eneo la Unyanyembe lilikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, na wapagazi wengi wa njia hiyo walikuwa Wanyamwezi. Msafara ulisimama kwa sababu nyingi: mvua, vita, maradhi, hongo, njaa. Kirangozi, aliyetangulia mbele ya wapagazi, ndiye aliyetangaza jioni kama kesho yake kuna safari au hakuna. Tangazo hilo halikufupisha njia. Lilimwezesha mpagazi kujua kama afunge mzigo au atafute chakula.

Mikasa miwili ya njia hiyo inafaa kulinganishwa. Wa kwanza ni wa mfuko wa barua za David Livingstone uliotiwa tarehe 1 Novemba 1870. Henry Morton Stanley aliukuta Unyanyembe mwaka 1871, akauchukua, na ukamfikia mwenyewe Ujiji Novemba mwaka huohuo, mwaka mzima baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Wa pili ulitokea mwaka uliofuata. Stanley aliondoka Unyanyembe Machi 14, 1872, akamwacha Livingstone Kwihara, kwa ahadi ya kumpelekea watu kutoka pwani. Livingstone alingoja miezi mitano. Watu walifika Agosti, naye akaondoka mwishoni mwa mwezi huo.

Kungoja kwa Kwihara kulikuwa kurefu na kwa kuchosha, lakini mngojaji alijua anangoja nini, kutoka kwa nani na kwa sababu gani. Aliweza kuhesabu siku na kupanga safari yake. Kwa upande wa barua, mwenye mzigo alikuwa Ujiji na mzigo ulikuwa Unyanyembe, na kati yao hapakuwa na taarifa. Mtumiaji wa programu ya majaribio anayejibiwa na mashine yuko katika hali ya Ujiji. Huenda rekebisho lake limekwisha kuandikwa na linangoja kukaguliwa. Huenda hakuna aliyeusoma ujumbe wake. Kwake yeye hali hizo mbili zinafanana kabisa.

5.0 Mifano Miwili

5.1 Majaribio ya M-Pesa

Mradi wa M-Pesa ulifadhiliwa kwa pamoja na kampuni ya Vodafone na Idara ya Maendeleo ya Kimataifa ya Uingereza, ukaendeshwa na Safaricom nchini Kenya. Majaribio yalianza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, yakiwa na wateja wasiozidi 500. Lengo la awali halikuwa kutumiana fedha. Wateja wa taasisi ya mikopo midogo walikusudiwa kupokea na kurejesha mikopo yao kwa simu.

Maelezo yaliyochapishwa mwaka 2007 na Nick Hughes na Susie Lonie, waliouongoza mradi huo, yanaonesha kwamba majaribio hayakuwa mepesi. Wateja walihitaji mafunzo ya mara kwa mara, na hesabu za mfumo mpya zilikuwa vigumu kulinganishwa na hesabu za taasisi ya mikopo. Pamoja na hayo, waliojaribu walikuwa wachache, wanajulikana, na waliwafikia waendeshaji. Kwa kuwafuatilia, waendeshaji waligundua kwamba watu walikuwa wakiitumia huduma kwa mambo ambayo haikubuniwa: kutumiana fedha, kulipana katika biashara, na kuweka fedha mwanzo wa safari ili wazitoe mwisho wake. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, kutuma fedha nyumbani ndiko kulikokuwa kiini chake. Vodacom iliifikisha Tanzania mwaka 2008.

Takribani mwaka mmoja na nusu ulipita kati ya kuanza kwa majaribio na uzinduzi. Muda huo haukuwa mfupi, lakini ulitumika kusikiliza, na kilichosikika kilibadili bidhaa yenyewe.

5.2 Jambo OpenOffice

Mfano wa pili unahusu lugha. Desemba 2004, mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Ilikuwa hatua kubwa: maelfu ya maneno na maagizo ya kompyuta yalitafutiwa Kiswahili chake, na programu ilikuwa huru kunakiliwa na kugawiwa.

Hata hivyo, tafsiri ya programu ni kazi isiyokwisha. Kila toleo jipya huja na maagizo mapya, na yasipofasiriwa, mtumiaji hukuta Kiswahili na Kiingereza vimechanganyika katika orodha moja. Mwaka 2010 kampuni ya Oracle iliinunua Sun Microsystems, iliyokuwa mlezi wa OpenOffice.org, mwaka huohuo sehemu ya wasanidi wakajitenga na kuanzisha LibreOffice, na mwaka 2011 OpenOffice ikakabidhiwa kwa Apache. Mijadala ya mgawanyiko huo iliendeshwa kwa lugha za wasanidi na mahali pa wasanidi. Mwalimu aliyekuwa akifundishia programu hiyo kwa Kiswahili alihitaji jibu la swali moja tu: ni ipi kati ya hizo mbili itakayoendelea kutunza Kiswahili?

6.0 Sababu za Ukimya na Mawasiliano Yanayofaa

Waswahili husema ahadi ni deni, na hapo ndipo ilipo hofu ya wasanidi wengi: wakitaja tarehe na kuikosa, watadaiwa. Wengine huamini kwamba hakuna la kusema mpaka suluhisho lipatikane. Mara nyingine anayepokea malalamiko siye anayeandika programu, na habari hupotea njiani kati ya wawili hao.

Dawa ya hofu ya kuahidi ni kutoa taarifa isiyo ahadi. Orodha ya makosa yanayojulikana, iliyoandikwa kwa Kiswahili chepesi, humzuia mtumiaji kudhani kwamba kosa ni lake. Maelezo mafupi ya kilichobadilika katika kila toleo humsaidia kuamua kama atumie bando lake. Taarifa ya kipindi maalumu, hata ikisema tu kwamba chanzo cha kosa bado hakijapatikana, hutimiza kazi ya tangazo la kirangozi. Tahadhari ya wazi kuhusu sehemu isiyotegemeka humwezesha kutunza nakala kwingine. Na pale mradi unapofungwa, wajibu wa mwisho ni kutangaza hivyo na kumpa mtumiaji njia ya kuzitoa kumbukumbu zake.

Mtumiaji naye ana sehemu yake. Malalamiko yanayosema tu kwamba programu ni mbovu hayamsaidii msanidi. Yanayofaa hutaja aina ya simu, toleo la programu, hatua zilizofuatwa, kilichotarajiwa na kilichotokea.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba kuchelewa ni tabia ya kawaida ya usanidi wa programu, ilhali ukimya ni uamuzi unaoweza kubadilishwa bila kungoja programu ikamilike. Majaribio ya M-Pesa yalichukua muda na yakazaa imani kwa sababu waliojaribu walisikilizwa. Jambo OpenOffice inaonesha jinsi maamuzi yanayofanywa mbali yanavyomwacha mtumiaji wa Kiswahili akiwa na swali lisilo na wa kulijibu. Mwenye duka wa Ipuli anaweza kuvumilia miezi miwili ya jumla isiyolingana endapo ataambiwa siku ya kwanza kwamba jumla hiyo isitegemewe. Asipoambiwa, atarudi kwenye daftari la karatasi, na atakuwa amefanya uamuzi sahihi.