Ukifika Kipushi, usitazame mgodi pekee

Je, umewahi kujiuliza ni kitu gani kinacholikinga bati la nyumba yako lisiliwe na kutu? Ni zinki. Na miongoni mwa mahali palipojaliwa zinki na shaba tele chini ya ardhi ni Kipushi, mji mdogo ulio mpakani na Zambia, kiasi cha kilomita 30 kusini-magharibi mwa Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Iwapo utabahatika kuuzuru, nenda kati ya Mei na Septemba wakati wa kiangazi. Njiani utaviona vichuguu vinavyompita mtu kwa kimo; wenyeji hufyatua matofali kwa udongo wake. Lugha isikutie hofu. Kiswahili kitakulaki, ingawa si kile ulichofunzwa darasani. Mtoto huko ni "mutoto", na ugali utakaowekewa mezani huitwa "bukari".

Mgodi wenyewe ulianza kuchimbwa na kampuni ya Union Minière ya Wabelgiji mwaka wa 1924. Mwaka wa 1967 serikali iliitwaa mali ya kampuni hiyo, na baadaye shirika la umma lililorithi kazi likajulikana kama Gécamines. Shimo kubwa la mgodi huo lina kina cha zaidi ya mita 1,200.

Kwa mchimbaji, kampuni ilikuwa baba na mama. Ilimpa nyumba, ikamtibu mkewe, ikawasomesha wanawe, na hata posho ya unga ikatoka kwake. Nani basi angehangaika kulima?

Lakini mwaka wa 1993 mgodi ulifungwa. Mitambo ilikuwa imechakaa na fedha za kigeni za kununulia vipuri hazikuwepo. Ajabu ni kwamba mgodi uliokufa bado ulidai kulishwa: maji ya chini ya ardhi yalipaswa kupigwa pampu usiku na mchana. Pampu ziliposhindwa mwaka wa 2011, maji yalipanda na kufunika njia za chini.

Na watu je? Kati ya 2003 na 2004, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines katika miji yake mbalimbali walilipwa kiinua mgongo na kuaga kazi. Katika nyumba nyingi mama ndiye aliyegeuka nguzo, akiuza unga na mkaa, huku baba aliyezoea mashine akijifunza kushika jembe.

Mwaka wa 2024, baada ya miaka 31, Kipushi ilianza tena kutoa madini, safari hii hasa zinki, kwa ubia wa Gécamines na kampuni ya Ivanhoe ya Kanada.

Kwa hivyo, usiridhike kuutazama mnara wa mgodi, na wala usiupige picha bila idhini. Pita sokoni, kaa na wazee, uwaulize waliishije miaka hiyo yote. Wewe mwanafunzi unayeota ajira ya kampuni moja kubwa hadi uzeeni, sikiliza kwa makini. Mtegemea cha nduguye, walisema wahenga, hufa maskini. Na kampuni, hata ikiwa na shaba ya kumwaga, si ndugu.